Stoo ya Mabomba Namba Tisa

Kikosi cha ujenzi cha jeshi la majini kilipokaribia kutimiza miaka arobaini kisiwani, Kamanda aliamua kiandikiwe historia. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Paa la karakana lilikuwa linavuja, pampu ya pili ilikuwa imekufa, lakini Kamanda alikuwa ametembelea kambi nyingine, akaonyeshwa kitabu cha historia yao chenye jalada gumu na picha za rangi, na tangu siku hiyo roho haikumtulia. Akamchagua luteni mmoja mwenye miwani, mtu wa makaratasi tangu kuzaliwa, akampa kamera na miezi miwili.

"Nataka kila jengo," alimwambia. "Lilijengwa lini, na nani, kwa sababu gani. Usiruke hata choo."

Maneno hayo yalipofika karakana ya mabomba, mafundi waliacha kazi wakamgeukia Bi Koki. Yeye aliendelea kukaza kiungo cha bomba ambacho kilikuwa kimeshakazika zamani.

"Hata choo," fundi mmoja alirudia. "Sembuse stoo."

"Nimesikia," alisema Bi Koki. "Masikio yangu bado yapo."

Mwanamke huyu ndiye ninayetaka kumsimulia, kwa hiyo historia ya Kamanda ingoje kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, viganja vipana, spana mfuko wa nyuma hata akienda msibani. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Aliingia kikosini kama mfagizi wa karakana, na angezeeka na ufagio wake kama si siku ile koki ya jikoni kwa maafisa ilipopasuka, maji yakafika magotini, na mafundi watatu wenye vyeti wakasimama wakibishana ni kosa la nani. Mfagizi akaweka ufagio chini, akachukua kisu, akakata kiduara kutoka kwenye kandambili, akakitia ndani ya koki, maji yakakatika. Kandambili ilikuwa ya fundi mkuu, ya mguu wa kushoto. Fundi mkuu alinuna wiki nzima, kisha akamhamishia kwenye mabomba, maana aliona heri kuwa naye upande wake. Miaka thelathini baadaye hapakuwa na bomba lililopita chini ya kisiwa kile asilolijua. Wakubwa walikuja na kuondoka, na kila mmoja, akitaka kujua maji yake yanatoka wapi, alielekezwa kwa Bi Koki.

Sasa, hiyo stoo. Mume wa Bi Koki alikuwa seremala wa kikosi. Aliishi na mkewe na mama yake katika nyumba za familia, kwa cheo chake yeye, kwani mkewe, aliyeajiriwa kama mfagizi, hakuwa na haki ya nyumba. Ini lilipoanza kumharibikia na macho yakawa ya manjano, alikuwa amepewa kazi ya kujenga stoo ya mabomba nyuma ya nyumba ya pampu, mita sita kwa nne. Alikwenda akaanza. Bosi wa ujenzi wa wakati huo alipopita kukagua, aliona kuta zimefika kiunoni, na ndani kuna ukuta wa kugawa vyumba, nafasi mbili za madirisha, na kona moja iliyofanana sana na jiko.

"Mabomba yanataka madirisha ya nini?" bosi aliuliza.

"Hewa, bosi. Bomba likikosa hewa linashika kutu."

"Na jiko?"

Seremala alifikiri. "Baridi, bosi."

Bosi alimtazama yale macho ya manjano, akaelewa, akatia sahihi. Wiki sita za mwisho za maisha yake seremala alizimaliza amekaa kwenye kigoda karakana, akichonga mlango wa hiyo stoo: mbao ngumu, paneli sita, kila moja ina wimbi lake. Alikufa mlango umekwisha na kuta bado ziko kwenye madirisha. Mjane na mama wa marehemu walipewa siku tisini wawe wametoka nyumba za familia. Mafundi wenzake walibeba zana zao. Walikuja Jumamosi, wakaja Jumamosi nyingine, na baada ya Jumamosi kumi wanawake wale wawili walihamia kwenye jengo ambalo vitabuni liliandikwa, na likaendelea kuandikwa kwa miaka ishirini na sita, Stoo ya Mabomba Namba Tisa.

Mtu atauliza, wakaguzi walikuwa wapi? Wakaguzi walikuja kila mwaka, na kikosi kilikuwa na utaratibu wake. Siku moja kabla, vitanda vilitoka na mabomba yakaingia. Mafundi wanane walifanya kazi hiyo kwa dakika arobaini bila kuambizana neno, kila mmoja akijua bomba lake na pembe yake. Mapazia yalikunjwa, jiko lilifunikwa turubai, na mama mkwe alihamishiwa nyumba ya pampu na mto wake na redio yake, akakae huko akilaani kelele. Mkaguzi alifungua mlango, akaona mabomba yamepangwa vizuri kupita stoo zote kambini, akaandika "safi sana," akaondoka. Mwaka mmoja Stoo Namba Tisa ilipewa cheti.

Lakini yule Luteni hakuwa mkaguzi. Hakutangaza siku. Jumanne moja asubuhi, wakati Bi Koki yuko ndani ya shimo la valvu upande wa gati, Luteni alifika na orodha yake, akabisha hodi kwenye stoo kwa ajili tu ya kuusifu mlango, na mlango ukamjibu.

"Karibu," ilisema sauti ya ndani. "Vua viatu."

Bi Koki alipopata habari alikimbia kutoka gatini na tope lake. Alimkuta Luteni hana buti, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika kikombe cha chai. Mbele yake, kitandani, mama mkwe ameloweka miguu kwenye beseni, miaka themanini na mmoja, anamweleza mgeni jinsi vijana wa siku hizi wanavyokonda.

"Bi Koki," alisema Luteni kwa adabu. "Hii ni stoo ya mabomba?"

"Ndiyo, afande."

"Mabomba yako wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Alikuwa amebakiza wiki tisa astaafu. Mtu aliyestaafu hana nyumba kambini, hilo kila mtu alilijua, na yeye na mama mkwe walikuwa wamezoea kujifariji kwamba hakuna anayeifukuza stoo. Wakitolewa pale, mahali pekee pa kwenda palikuwa kwa wifi yake ng'ambo ya maji, chumba kimoja na sebule, na mama mkwe alishasema hapandi chombo cha majini tena mpaka wambebe hajijui. Yote hayo yalipita kichwani kwa Bi Koki kwa muda wa kumeza mate. Akafungua mdomo asijue nini kitatoka.

"Afande," alisema, "hapa ndipo kikosi kilipoanzia."

Luteni akaweka kikombe chini.

"Aliishi hapa Msimamizi wa Kwanza. Kabla ya gati, kabla ya mnara wa maji. Alijenga hiki kibanda kwa mikono yake, halafu ndani ya hiki kibanda akapanga kambi nzima. Sisi tunakaa kulinda tu. Kwenye vitabu tukaandika stoo, ili watu wasije wakapachezea."

"Msimamizi wa Kwanza," Luteni alirudia, na kalamu ikawa imeshatoka. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bi Koki angeishia hapo, lakini uongo ukishapata pumzi unataka kutembea. "Alikuwa na vidole vitatu mkono wa kulia," alisema. "Ramani yote ya mabomba aliichora kwa mkaa. Kwenye ukuta ule pale."

Luteni aliruka juu. Ukuta ulikuwa mweupe tupu.

"Imekwenda wapi?"

"Tulipaka rangi, afande. Kulikuwa na ukaguzi."

Luteni alifumba macho kwa uchungu. Aliamini mara moja, kwani alikijua kikosi: mwaka jana kabla ya ukaguzi walikuwa wamepaka rangi ya kijivu saa ya ukutani, pamoja na mishale yake. Alitembea polepole hadi mlangoni, akapitisha kiganja juu ya yale mawimbi.

"Na huu? Huu nao ni wake?"

Bi Koki alisita. Alimwona mama mkwe amenyanyua uso kutoka kwenye beseni.

"Wake," alisema.

Luteni alipoondoka, mama mkwe alikausha miguu yake mmoja mmoja, taratibu. Kisha akauliza, "Huyo wa vidole vitatu. Ndiye aliyemchongea mwanangu mlango?"

"Mama, nilikuwa natafuta pa kutokea."

"Umepata?"

"Sijui."

"Mimi sitoki hapa," alisema bibi. "Lakini mwanangu ulishamtoa." Na hakumsemesha tena mpaka kesho yake mchana.

Sasa sikia mafundi walivyochemka. Luteni aliwahoji mmoja mmoja, na kila mmoja, kwa nia njema kabisa ya kumlinda Bi Koki, alimkumbuka Msimamizi wa Kwanza. Mchomeleaji alisema mtu yule alikuwa hatii sukari kwenye chai. Fundi umeme akasema alikuwa na mbwa. Fundi mwashi mstaafu, ambaye mdomo wake haujawahi kujua breki, alisema alimwona kwa macho yake akinyanyua mfuko wa saruji kwa meno. Wiki ya tatu Msimamizi alikuwa na historia ndefu kupita ya Kamanda mwenyewe, na wiki ya nne mafundi wawili walikaribia kushikana mashati karakana wakibishana yule mbwa alikuwa wa rangi gani.

Kamanda aliposoma alifurahi mno. Ukweli wa mwanzo wa kikosi ulikuwa umemnyima usingizi. Ukweli ni kwamba waliteremka kisiwani na hema moja lililotoboka na mifuko mia sita ya saruji, wakaiacha saruji wazi, mvua ikanyesha, na asubuhi wakawa na mifuko mia sita ya mawe. Wakaipanga ukingoni mwa gati ili wakubwa wasiione. Ipo mpaka leo, hata alama za nyuzi za mifuko zinaonekana. Ukurasa wa kwanza wa namna hiyo haumfai mtu anayetaka jalada gumu. Sasa alikuwa amepata mwanzilishi, tena wa vidole vitatu.

Akaamuru kibanda kile kiwe Nyumba ya Kumbukumbu. Kitazinduliwa siku ya maadhimisho, mbele ya mgeni rasmi kutoka makao makuu. Kitawekwa kibao cha shaba na kamba ya kuzuia watu. Bi Koki akapewa barua ya pongezi kwa kukilinda miaka yote hiyo, na mwisho wa barua, mstari mmoja: walinzi wawe wameondoa vitu vyao kabla ya siku ya uzinduzi.

Bi Koki aliisoma amesimama. Alikuwa ameiokoa nyumba isibaki kuwa yake. Alicheka, akachukia kwamba amecheka, akaingia ndani kumweleza mama mkwe.

"Wanatutoa ili wamweke asiyekuwepo?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Huyo atakula nini humo?"

Bi Koki alikwenda kwa Luteni kujaribu kupunguza. Akamwambia pengine Msimamizi hakulala pale kila siku. Luteni akamwonyesha makasha kumi. Vitabu mia tatu vilishapigwa chapa.

Siku ya maadhimisho vitanda vilikuwa vimetolewa tangu asubuhi, vimesimamishwa nyuma ya nyumba ya pampu vimefunikwa turubai. Viti vilipangwa mbele ya stoo. Mafundi walivaa sare zilizopigwa pasi, wastaafu walikaa safu ya tatu, na "walinzi" wawili, Bi Koki na mama mkwe wake, waliwekwa mbele kabisa kwa heshima. Bi Koki alikuwa amepanga anyamaze. Sherehe ikiisha, wakubwa wakishashiba, ataomba walau chumba kimoja cha uani. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno ya kuombea.

Kamanda alisimama mlangoni, akafungua kitabu ukurasa wa tatu.

"Na mlango huu, mgeni rasmi, Msimamizi wa Kwanza aliuchonga kwa mkono wake wenye vidole vitatu, peke yake, akiwa hana..."

"Mwongo," alisema mama mkwe.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini ilikuwa asubuhi tulivu na kipaza sauti kilikuwa karibu. Kamanda akakwama. Mgeni rasmi, mtu mzito wa miaka sitini, akageuka kwenye kiti chake.

"Nani mwongo, mama?"

Bibi alimtazama mkwewe. Hakumwonyesha kidole. Alimtazama tu, na Bi Koki aliona kwamba bibi yule angekubali kuvuka maji, angekubali hata sebule ya wifi, kuliko kukaa pale na kusikia sentensi ile ikimalizika. Akasimama.

"Mimi, afande. Mwongo ni mimi. Huyo Msimamizi hakuwahi kuwepo. Nilimzaa mimi, siku ya Jumanne, kwa hofu."

Viti vikalia.

"Aliyechonga mlango alikuwa seremala wenu. Mume wangu. Mtoto wa huyu mama. Aliambiwa ajenge stoo, akajenga nyumba, maana alijua yeye anaondoka na sisi tunabaki. Hakuimaliza. Tumeishi humo miaka ishirini na sita, na kila mkija kukagua tunawawekea mabomba. Haya. Nimesema."

Mgeni rasmi alimwangalia Kamanda, ambaye alikuwa anaangalia kitabu kana kwamba kitamjibu. "Hakuimaliza," alisema mgeni rasmi. "Nani aliimaliza?"

Kisha fundi mwashi mstaafu akanyanyuka safu ya tatu, akavuta shati lake.

"Sisi, afande. Adhabu ipo, tutaipokea. Ila niseme jambo moja. Ule ukuta wa nyuma uliopinda si wangu."

"Ukuta gani umepinda?" alidakia mchomeleaji. "Si uliupandisha wewe!"

"Niliupandisha mpaka kimo cha kifua, ukiwa umenyooka kabisa! Juu mliendelea ninyi, mimi nilikuwa naumwa jino!"

"Jumamosi hiyo jino lilikuwa limeshang'olewa!"

"Na nani alikuja na timazi yenye kamba fupi? Mseme!"

Wakasimama sita, kisha wanane, wote wakiukana ule ukuta na kila mmoja akidai bati, au sakafu, au dirisha la jikoni. Fundi umeme aliapa kwamba swichi aliifunga yeye na anaweza kuthibitisha, kwa sababu aliifunga kichwa chini. Mgeni rasmi alijaribu kujikaza, akashindwa, akacheka mpaka msaidizi wake akamshikia kofia. Luteni tu ndiye hakucheka. Alikuwa amepiga goti kwenye majani, anaandika mbio, anauliza, "Jumamosi ya ngapi? Ya ngapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza historia ya kikosi kile kuandikwa.

Kibao cha shaba hakikufunuliwa. Mgeni rasmi alikula, akaaga, akampa mkono mama mkwe muda mrefu. Kuhusu nyumba hakutoa uamuzi. Hilo, alisema, ni la Kamanda.

Siku tatu Kamanda hakuonekana. Siku ya nne Luteni alipewa gundi na karatasi mia tatu, akae abandike ukurasa mpya juu ya ule wa tatu. Jioni alipita stoo na nakala moja. Bi Koki akamsomea mama mkwe: Stoo ya Mabomba Namba Tisa ilianzwa na seremala wa kikosi, ikamalizwa na mafundi wenzake kwa Jumamosi kumi. Mlango ni kazi ya mikono yake. Bibi alitaka irudiwe. Ikarudiwa mara nne, na ya nne Bi Koki aliruka neno "mikono" na bibi akamrudisha nyuma alisome.

Vitanda vilikuwa vimerudi ndani, lakini hawakuvitandika vizuri. Walikuwa wanangoja barua, na Jumatano ya wiki ya mwisho ya kazi ya Bi Koki, barua ikaja. Kamanda aliamuru jengo lirudishwe kuwa stoo kama lilivyoandikwa. Madirisha yazibwe, jiko livunjwe, ukuta wa kati uondolewe. Wakazi wahame siku kazi itakapoanza. Kazi ifanywe na kikosi chenyewe.

Bi Koki aliibeba barua ile mwenyewe kwa karani wa kazi, kwa kuwa kila kazi ya kikosi ilipita kwa karani, na yeye alikuwa mtu wa utaratibu hata utaratibu ukimchinja. Karani aliisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Hajatia alama ya haraka," alisema.

"Amesahau?"

"Kamanda hasahau alama ya haraka. Koki ya bafuni kwake aliitia alama tatu." Karani akafungua daftari kubwa, akalamba kidole, akafunua kurasa nyingi kuliko Bi Koki alivyotegemea. "Bila alama, inaingia foleni. Foleni ni foleni, Bi Koki. Siwezi kukupendelea." Akaandika namba, akageuza daftari amwonyeshe.

Bi Koki alirudi nyumbani huku amesahau hata kujifuta jasho. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na mfuko wake wa nguo magotini, amefunga kamba mara mbili.

"Lini?" aliuliza.

"Tuko foleni, mama. Mbele yetu kuna kazi mia sita na kumi na moja."

Bibi alimtazama kuona kama anataniwa. "Mnafanya ngapi kwa mwezi?"

"Nne. Ila mimi nastaafu Ijumaa."

"Basi tatu."

"Basi tatu."

Mama mkwe alianza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akahamia mwingine, midomo ikitembea. Ilimchukua muda. Kisha akafungua kamba ya mfuko, akatoa mto wake, akaupigapiga.

"Nitakuwa na miaka tisini na nane," alisema, akajilaza. "Waambie wasichelewe. Mimi si mtu wa kungojangoja."